Mita ya Pumzi na Gauni la Inchi Arobaini na Sita

Jumatatu, 3 Juni

Siku tano tu! Fundi mitambo wa studio kanipigia simu asubuhi nikiwa kazini, nimeinama juu ya mita ya maji ya nyumba ya tisa. Anasema chumba kimechukuliwa. Seremala wa mlango wa pili anataka kuweka vitanda vyake humo. Jumamosi saa kumi jioni vitanda vinaingia, sisi tunatoka. Nikamwuliza, na albamu yangu je? Akasema kama miaka miwili haikutosha, siku tano si haba.

Haikutosha kwa sababu kazi kubwa haikimbizwi. Mita ya Pumzi ina nyimbo kumi na moja, na kumi ziko tayari. Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakufa na kuwa maarufu, naeleza. Katika hadithi ya albamu, mwaka ni 2099. Jiji zima liko chini ya Mkurugenzi. Kila raia amefungwa mita kifuani inayohesabu pumzi zake, na anayepumua kupita kiasi anakatiwa. Kuimba ni marufuku, kunakula pumzi nyingi. Ndipo anapoingia msoma mita mmoja juu ya farasi, kofia pana kichwani, gitaa mgongoni. Huyo ni mimi, ingawa farasi sijawahi hata kumgusa. Kuna gitaa la kikauboi, kuna roki, rege na disko. Wimbo wa sita ni rap. Wa nane ni kwaya ya watu waliokatiwa. Hakuna aliyewahi kufanya kitu kama hiki. Shemeji yangu, ndiye mpiga ngoma wangu, anasema lazima kuna sababu.

Umebaki wa kumi na moja. Humo mwanamke aliyenyamaza miaka kumi na mmoja anafungua kinywa na kuimba bila kuhesabu, na mita zote za jiji zinapasuka. Bila wimbo huo sina albamu, nina kelele. Na sauti ya kuuimba ni moja tu duniani. Iko sebuleni kwangu, inashona mapazia ya watu.

Tatizo ni kwamba mke wangu haimbi tena nami. Zamani tuliimba pamoja kila wikendi. Kisha nikamwandalia zawadi: mabango mji mzima, picha yake kubwa, jina lake kubwa, onyesho la Jumapili. Sikumwambia, ili iwe zawadi kweli. Alilisoma bango akitoka sokoni na kapu la vitunguu. Tangu siku hiyo, kimya, mwaka wa kumi na moja sasa. Sababu hasa sijawahi kuijua. Nadhani ni koo.

Jioni, pigo. Kinanda kaja nyumbani! Huyu ni mpiga kinanda wetu wa zamani, siku hizi anapiga hotelini watu wakinywa kahawa. Hana haya. Kwanza alipiga simu kuuliza kama tupo. Akabisha hodi. Akakaa, akashukuru kwa chai, kisha akamwambia mke wangu mbele yangu kwamba anarekodi nyimbo za mapenzi na anamwomba aimbe naye. Hivi hivi! Mtu mzima hana mbinu hata moja. Mke wangu akasema atamjibu Jumamosi. Alipokuwa akisema hivyo alinitazama mimi, muda mrefu. Mimi nikatazama dari. Kuna ubao mmoja umeachia.

Sitakaa nikatazama adui akichukua sauti yangu. Mpango namba moja: mke wangu akishona huimba kidogo kidogo peke yake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama. Rekoda ndogo nimeibandika chini ya meza ya cherehani.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata saa tatu na nusu za cherehani.

Katikati, sekunde nane za mke wangu. Nane! Alianza vizuri mno, moyo ukanipaa, kisha uzi ukakatika na yeye akakatika nao. Baadaye akaja mteja mmoja wa mapazia, akamwuliza kama bado anaimba. Mke wangu akasema angeimba, ila anayepaswa kumwomba hajamwomba. Kisha cherehani tena, trrrrr, trrrrr, mdundo safi kabisa. Nimeuhamishia wimbo wa nne.

Nikazikimbiza zile sekunde nane studio. Nikamwambia fundi mitambo azivute ziwe dakika nne. Akanitazama. Akazivuta. Akasema anasikia mbu ndani ya chupa. Shemeji akasema yeye anasikia ng'ombe, na huyo ng'ombe anazaa. Nikawaambia watu wa kawaida hawawezi kuelewa sauti ya mwaka 2099. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nimenuna.

Kazini mambo ni mazuri. Lile bomba la nyuma ya shule bado linavuja, na linavuja kwa mwendo ule ule: matone themanini na manne kwa dakika, bila kukosea. Ndio utangulizi wa wimbo wa kwanza. Nikipata asubuhi moja tulivu nitalirekodi. Wakazi wananiuliza kila siku kama nimetoa taarifa ofisini. Nawaambia taarifa iko njiani. Sisemi uongo. Iko mfukoni mwangu, na mimi natembea.

Jumatano, 5 Juni

Dawa ya moto ni moto. Mpango namba mbili: wivu.

Wakati wa chakula cha jioni nilijifanya napokea simu. Nikaongea kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Nikasema ndiyo, yule binti mwimbaji ni kipaji, sauti kama asali, Jumamosi anaimba wimbo wa kumi na moja, nimekwishamaliza kutafuta. Nikakata simu, nikashika kijiko, nikangoja machozi.

Mke wangu kanipongeza! Akasema amefurahi sana kwamba hatimaye nimepata mtu. Akauliza kama kutakuwa na picha ya jalada. Nikasema bila shaka. Akasema basi mchango wake utakuwa gauni. Atamshonea binti gauni la jalada, nimletee vipimo kabla ya giza.

Nani anajua vipimo vya binti ambaye hayupo? Nikasimama mlangoni kama nguzo. Nikakumbuka watu wangu wote ninaoweza kuwapima bila maswali mengi. Nikaenda karakana ya matairi, kwa shemeji. Nikampima kwa futi ya chuma ya idara ya maji, maana ile ya cherehani inalindwa na mwenyewe. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia naagiza ngoma mpya, na siku hizi ngoma inatengenezwa kulingana na mwili wa mpigaji. Akaamini. Akainua mikono mwenyewe.

Kifua arobaini na sita. Mabega ishirini. Nikaandika kwa mwandiko wa kike.

Mke wangu alisoma karatasi ile kwa muda. Akasema huyu binti ana mabega. Nikasema ni mwogeleaji. Akauliza mbona mkono wa kushoto umepungua inchi moja. Lakini akili ni nywele, na mimi zangu hazijaisha zote. Nikasema ni kwa sababu ya kupiga gitaa tangu utotoni. Akasema, ahaa. Akaenda jikoni, akafunga mlango, nikamsikia akikohoa mfululizo. Nilisema mimi. Koo.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimesimama kwa hasira.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye bomba langu. Kofia nimeivisha maikrofoni isilowe. Utulivu mkubwa. Tone, tone, tone. Dakika ya kwanza imeingia safi. Ya pili imeingia. Ghafla gari la idara! Mafundi wawili na msimamizi wangu mwenyewe. Kumbe wakazi walichoka na njia yangu wakapiga simu ofisini.

Msimamizi akaniuliza ninafanya nini chini ya bomba nikiwa kichwa wazi. Nikamwambia huu ni upimaji wa kisasa, tunapima uvujaji kwa kusikiliza. Akaonekana karibu kukubali. Kwa bahati mbaya nilipoinuka, ile taarifa ikaanguka kutoka mfukoni. Ina tarehe ya wiki tatu zilizopita. Akaisoma yote, hadi pale nilipoandika pembeni kwamba tone la nne lina utamu wa pekee.

Adhabu: Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nisome mita za kilima kizima. Na barua ya kujieleza. Mafundi nao wakaziba bomba kwa dakika kumi. Dakika kumi! Wiki tatu za sanaa zimeuawa na spana moja.

Sikati tamaa. Nimerudi nyumbani nikalegeza bomba la bafuni. Linavuja matone sitini tu, na yamepinda. Nitaimba polepole.

Shemeji kauliza ngoma yake inafika lini.

Ijumaa, 7 Juni

Gauni limekwisha. La njano, lina marinda mabegani na vifungo vya kung'aa mgongoni. Halijawahi kutoka gauni zuri kama hilo chini ya dari yetu. Likining'inia mlangoni unaweza kudhani kabati limevaa. Mke wangu akatangaza kwamba kesho atalipeleka studio mwenyewe, ashuhudie linavyomkaa mwimbaji wangu.

Maji yamenifika shingoni. Nikasema binti ana homa. Mke wangu akasema maskini, basi tumpelekee uji sasa hivi, anakaa wapi? Nikasema homa imepungua, ila amepata safari. Akasema basi tumsindikize. Nikasema safari yenyewe imeahirishwa kwa sababu ya homa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mwisho wa meza.

Kisha akaketi mbele yangu. Akauliza, kwa upole, kama kuna jambo lolote nataka kumwambia. Lolote. Hata bomba la bafuni lilikuwa kama linasikiliza. Nikafikiri sana. Nikaona kweli kuna jambo linanikaa kifuani, linataka kutoka.

Nikamwambia vifungo ni vizuri.

Akasema asante. Akaenda kulikunja gauni.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Kilima kina mita mia moja na tatu na mbwa wengi kuliko watu. Nilimaliza saa nane mchana. Nikashuka mbio, gitaa linanipiga mgongoni. Nikakuta vitanda vimepangwa nje ya studio, sita, na seremala amekaa juu ya kimoja akitazama saa. Ndani fundi mitambo ameanza kuzungusha nyaya. Shemeji yuko kwenye ngoma zake za zamani. Na pembeni kabisa, shati limepigwa pasi, nani? Kinanda! Kaja kuchukua jibu lake. Aliambiwa ni Jumamosi, akaja Jumamosi. Mtu wa ajabu.

Saa tisa kamili mke wangu akaingia na mfuko. Akasalimia wote. Akauliza mwimbaji yuko wapi. Nikasema amechelewa kidogo, foleni. Akasema haidhuru. Akatoa gauni, akalikung'uta, akapita mbele yangu, akapita mbele ya Kinanda, akamwendea shemeji, mdogo wake, moja kwa moja. Akamwambia asimame.

Shemeji akisimamishwa na dada yake husimama, hata awe na miaka arobaini na mbili. Akavishwa juu ya ovaroli. Lilimkaa! Kifua, mabega, na mkono wa kushoto hadi inchi ya mwisho. Hapo mke wangu akatuambia sote kwamba mtu huyu amemshonea tangu sare ya darasa la kwanza. Mkono huo ulivunjika alipoanguka kutoka paa la jirani, na aliyembeba mgongoni hadi hospitali ni yeye. Vipimo hivyo anavijua kuliko jina lake mwenyewe.

Kinanda alicheka hadi akalalia kinanda cha studio kikapiga kelele. Fundi mitambo alikaa sakafuni. Seremala alikuja mlangoni kuona. Shemeji peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa huzuni kama ile ngoma bado inatengenezwa.

Ikafika saa tisa na nusu. Nikaangalia kichwani mwangu. Hakuna mpango. Namba tatu haipo, namba nne haipo, pamebaki peupe tu. Nikakaa juu ya spika. Nikawaza vitanda, miaka miwili ya albamu, kumi na mmoja ya kimya, na wimbo utakaokufa ukiwa kwenye karatasi. Maneno yakanitoka yenyewe, sikuyapanga hata kidogo. Nikamwambia mke wangu kwamba wimbo ule niliuandika kwa sauti yake na hakuna mwingine. Kwamba lile bango nilikosea, ningemwuliza kwanza. Nikamwambia, mama watoto, nakuomba uniimbie. Tafadhali.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipolitumia neno hilo kwake.

Mke wangu alimpa mdogo wake mfuko auweke. Akavua kandambili, akasogea kwenye maikrofoni, akauliza tunaanzia sauti gani. Fundi mitambo akarudisha nyaya kama anazima moto. Shemeji akapiga ndani ya gauni, hapakuwa na muda wa kufungua vifungo. Kinanda naye akaweka vidole vyake bila kuulizwa na mtu.

Mara moja tu, mwanzo hadi mwisho. Siwezi kueleza. Sauti yake imekuwa nzito, ina miaka ndani yake, na alipofika pale mwanamke anapoacha kuhesabu pumzi, alifumba macho akaiachia yote. Nililia. Ubeti wa pili sikupiga gitaa kabisa, nilisahau kwamba ninalo. Alipomaliza, seremala alikuwa ameingia ndani na anajipangusa uso kwa aproni, na fundi mitambo alisahau kuzima mtambo. Kwenye rekodi kuna dakika nzima ya watu kunyamaza. Nampenda mke wangu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayeona.

Kisha vitanda vikaingia.

Nje, Kinanda akauliza kwa adabu kuhusu jibu lake. Mke wangu akasema ataimba naye pia, kwa kuwa naye ameomba. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jumapili, 9 Juni

Ushindi! Albamu imekamilika. Leo nimepumzika na kufanya tathmini, kama wafanyavyo watu makini.

Ni dhahiri kwamba mpango namba mbili umefaulu kwa asilimia mia. Bila binti, hakuna gauni. Bila gauni, mke wangu asingekanyaga studio. Asingekanyaga, asingeimba. Kila hatua ilifuata ile ya kabla yake kama nilivyokusudia, isipokuwa zile ambazo sikukusudia. Yale maneno yangu juu ya spika hayakuwa na kazi yoyote. Ulikuwa uchovu wa kilima tu.

Nimeusikiliza wimbo wa kumi na moja mara kumi na nne. Kuna kasoro moja. Kinanda yumo. Yumo sana. Katikati ana sehemu yake peke yake, vidole vinatambaa taratibu chini ya sauti ya mke wangu, na shemeji, bila kuulizwa, kasema hapo ndipo patamu kuliko albamu yote. Patamu! Kwenye albamu yangu! Gauni limemharibu akili, na kakataa kulirudisha.

Nikampigia fundi mitambo. Amtoe Kinanda, amwache mke wangu. Akasema haiwezekani. Walipiga chumba kimoja kwa wakati mmoja, kinanda kimeingia ndani ya maikrofoni ya mke wangu, ukimtoa mmoja wanatoka wote wawili. Nikamwuliza yeye ni fundi wa namna gani. Akasema ni fundi ambaye kwa sasa yuko juu ya gari na spika zake, niwe na Jumapili njema.

Basi urekodiwe upya, bila Kinanda.

Jumatatu, 10 Juni

Wakati wa kifungua kinywa nilimpa mke wangu habari za msiba. Nikasema mtambo umeumeza wimbo. Umepotea wote, kila noti, haupatikani. Itabidi turudie, mimi na yeye tu, tena haraka, wakati sauti bado iko moto. Nilijikuna jicho likawa jekundu. Nilipendeza kwa huzuni.

Mke wangu akamaliza chai yake. Akafuta mikono, akachukua simu, akabonyeza. Wimbo ukajaa jikoni, wote, pamoja na ile dakika ya kunyamaza. Kumbe fundi mitambo alimtumia tangu Jumamosi! Naye amewatumia wateja wake wa mapazia, na mdogo wake, na mama mkwe, ambaye ameuweka uwe mlio wa simu yake. Hata msimamizi wangu anao. Nilipofika kazini baadaye nilimkuta akiupiga mluzi kwenye korido, sehemu ya Kinanda.

Nikasema fundi mitambo ni msaliti. Mke wangu akasema pengine. Akasuuza kikombe chake, akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Akasema hajakasirika. Akasema siku nikitaka aimbe tena, wimbo huu au mwingine wowote, bila Kinanda au pamoja naye, ninajua la kufanya, maana juzi nililifanya mwenyewe.

Kweli ninajua. Nimefika kazini nikafunga mlango wa stoo na kuandika barua ya kurasa mbili kutoka kampuni kubwa ya muziki ya ng'ambo, inayomhitaji mwimbaji wa kike na mpiga gitaa mwenye kofia, vinanda havipokelewi. Umebaki muhuri tu, na hapa idara ya maji mihuri haijawahi kukosekana.